Mtoto Aliyekula Ukuta

Akina mama, na wale baba wachache ninaowaona nyuma karibu na mlango, mmeniomba niseme na nimekubali, ingawa mdomo umenikauka. Nitaongea Kiswahili kwa sababu hapa tuko Waluo, Waluhya, na mama zetu Waislamu wa mjini. Kiswahili changu ni cha sokoni, mtanivumilia. Majina ya watu sitataja. Mtu nitakayemsema sana yuko nyumbani sasa hivi, amebaki na watoto, na asubuhi aliniambia, "Sema yako. Mimi uniache." Kwa hivyo nitasema yangu, na yeye nitamgusa pale ninaposhindwa kumpita.

Mimi ni mke wa pili. Nyumbani kwetu ni upande wa Seme, mwendo wa saa mbili kwa miguu mpaka Kombewa. Haya yalitokea mwaka jana tu, Uhuru ukiwa na miaka michache, na mume wetu alikuwa anaendesha trekta ya miwa kule Muhoroni, tunamwona mwisho wa mwezi. Bomani kulikuwa na nyumba mbili, nyumba kubwa ya mikayi, yaani mke wa kwanza, na yangu ya kando.

Wale wasiojua Kidholuo niwaambie kitu kimoja. Mke mwenzako kwa lugha yetu unamwita nyieka. Na wivu unaitwa nyiego. Maneno hayo ni ndugu wa tumbo moja. Unaolewa, unaonyeshwa mwanamke, unaambiwa umwite hivyo, na mimi nikaona basi, nimeshaambiwa moyo wake ulivyo. Kila neno alilosema mwanamke yule nililisikia kama wivu kabla sijalisikia kama neno.

Lakini tusidanganyane, ndugu zangu. Mwenye wivu nilikuwa mimi. Yeye alikuwa na watoto watano, wote hai. Mimi nilikuwa nimezika mtoto wa kiume kabla hajatembea, surua ilimchukua, na sasa nilikuwa na msichana mmoja tu. Moshi wa jiko lake ulitangulia wangu asubuhi. Ng'ombe wake alikuwa na maziwa, wangu alikuwa na pembe. Mume wetu akiwa nyumba kubwa alicheka mpaka nikamsikia kwangu, na nililala nikijiuliza ameambiwa nini cha kuchekesha namna hiyo. Hata kuku wake walinikera, walikuwa wanataga kwangu kisha wanarudi kwao.

Msichana wangu alikuwa na miaka minne. Watoto wa mikayi walikuwa na kelele ya kuvunja vyungu. Wanapanda miti, wanapigana, wanafukuza ndama, wanaanguka, wanalia, wanaanza tena. Wangu alikaa. Ukimweka kwenye mkeka mlangoni asubuhi, mchana unamkuta pale pale, mikono mapajani. Wageni walisema, huyu mtoto ana adabu, huyu ametulia. Mama mkwe wangu alisema hivyo siku moja na mikayi akiwa anasikia. Nawaambia, nilitembea wiki nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya. Niliona hatimaye kuna jambo moja nimemshinda.

Nikaanza kumwonyesha kusudi. Mikayi akipita na wale wake, matope mpaka magotini, mimi nasema kwa sauti, "Mtoto wangu, kaa hivyo hivyo, usiwe mshenzi." Kumbe mtoto hakuwa anakaa kwa adabu. Hakuwa na nguvu za kusimama.

Mikayi ndiye aliyeliona kwanza. Alipita siku moja, akachuchumaa mbele ya mtoto, akamshika shavu, akamtazama muda mrefu.

"Mama," akaniambia, "huyu ametulia sana."

"Ndiyo. Namshukuru Mungu."

"Sisemi hivyo. Huyu amechoka. Mtoto wa umri huu hakai namna hii. Mwangalie midomo."

"Wako wangekaa hivi ungefurahi," nikamjibu.

Aliinuka, akajipangusa magoti, akaenda zake. Mimi niliingia ndani nikacheka peke yangu. Nilisema moyoni, mmeona, imemuuma.

Sasa msikie jinsi nilivyokuwa namlisha mtoto. Mume wetu akija alileta mkate na sukari, anatugawia. Wa nyumba kubwa ulikwisha siku hiyo hiyo, midomo ilikuwa mingi. Wangu niliufungia sandukuni. Wale walipokuwa wanakula omena, wale dagaa wa ziwani, na mboga za majani, wangu nilimketisha mlangoni na kikombe cha chai na kipande cha mkate, aonekane. Omena wakati ule tuliona ni chakula cha mtu aliyeshindwa na maisha, na mboga za kienyeji vile vile. Mkate ukiisha, ni chai na ugali. Maharagwe kidogo, tena mara moja moja. Mtoto mwenyewe hakuomba kingine, na mimi niliona namlea kama mtoto wa mjini.

Nafika pale pa aibu. Nyuma ya kitanda, ukuta wa nyumba yangu ulikuwa na shimo la kutosha ngumi. Nilidhani ni panya. Siku moja nikamkuta msichana wangu amepiga magoti pale, anakwangua udongo kwa kucha na kutafuna. Wale mliobeba mimba mnaijua odowa, lile jiwe laini tunalonunua sokoni na kula. Mwanamke mwenye mimba akila odowa hakuna anayemwuliza. Lakini mtoto akila udongo, kwetu watu husema neno moja tu, kwamba mama yake hamlishi.

Nilimchapa. Nikalikandika shimo kwa udongo mpya. Udongo mpya ulinukia vizuri zaidi, akala huo. Nikakandika tena. Mwishowe nilichukua kikapu kikubwa cha mtama nikakiweka mbele ya shimo. Na hapa msinielewe vibaya, sikukiweka ili mtoto asile. Nilijua anaweza kupita nyuma yake, na alikuwa anapita. Nilikiweka ili mikayi akiingia kuomba moto asione.

Mtoto akazidi. Alilala mchana, akalala usiku pia. Kwenda naye ziwani kuchota maji, mahali ambapo wale wa mikayi wanakimbia kwenda na kurudi, wangu alikaa njiani mara tatu. Asubuhi uso ulikuwa umevimba kidogo, na watu wakasema amenenepa, na mimi nikakubali kwamba amenenepa.

Ndani ya moyo nilikuwa nimeshaanza kuogopa, na hofu yangu ilikwenda pale ilipozoea kwenda. Kwetu kuna watu wanaosemwa kuwa na jicho, wakimtazama mtoto anakula, chakula hakimkai. Nikakumbuka jinsi mikayi alivyomtazama. Nikaanza kumlisha mlango umefungwa. Chai ile ile, mkate ule ule, gizani.

Ni yeye tena aliyekuja akasema, "Kesho tunampeleka Kombewa."

Tunampeleka. Ile "tu" iliniuma kuliko tusi. Lakini mume hayupo, na mikayi akisema mtoto wa boma apelekwe hospitali huwezi kukataa watu wakakuelewa. Tukaondoka alfajiri. Nilimbeba mtoto mgongoni. Kila mahali palipoinuka mikayi alinyoosha mikono, "Nipe nikusaidie," na mimi nikasema si mzito. Na kweli hakuwa mzito kama alivyopaswa kuwa. Nilifika Kombewa gauni limelowa jasho, lakini mtoto alikuwa mgongoni kwangu.

Aliyetuona pale tulimwita daktari, ingawa yeye alisema ni dresa tu, msaidizi wa daktari. Alikuwa mtu mpole, anaongea polepole. Alivuta kope ya chini ya mtoto akatazama. Akafungua kiganja cha mtoto akakiweka kando ya kiganja changu, na mimi nikaona kwa macho yangu kwamba kile kidogo kilikuwa cheupe. Akatazama kucha na ulimi. Akasikiliza moyo. Akabonyeza chini ya mbavu upande wa kushoto, akasema bandama imevimba kidogo.

Kisha akaniambia, "Mama, mtoto kuchoka hivi kuna njia nyingi. Macho yangu hayatoshi. Nitakuuliza, na wewe unisaidie."

Akauliza kama kuna homa za kuja na kuondoka. Nikasema zipo. Akauliza kama mkojo una damu, maana watoto wa ziwani huupata ugonjwa huo majini. Nikasema hapana. Akauliza kikohozi cha siku nyingi, kukonda, mtu wa nyumbani anayekohoa. Hapana. Kuhara. Hapana. Akauliza kama mtoto hulia mifupa, kama vidole vyake viliwahi kuvimba, kama katika ukoo kuna watoto wa namna hiyo, kwa sababu kuna ugonjwa wa damu wa kurithi ambao huku kwetu uko. Nikasema hapana. Akauliza anakula nini. Hapo nikainua kichwa. Nikasema mkate, chai, sukari. Nilisema kwa sauti, nikageuka kidogo ili wa nyuma yangu asikose neno.

Akaandika. Kisha, bila kuinua macho, akauliza, "Anakula udongo?"

Ndugu zangu, mikayi alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake. Niliona kikapu, nikaona shimo, nikaona mwanamke yule anarudi nyumbani na habari hiyo kichwani, anaipeleka kwa mama mkwe, anampelekea mume wetu mwisho wa mwezi.

"La," nikasema. "Kwangu mtoto hakosi chakula."



Dresa akasema, "Basi tuanze na malaria, bandama inaelekea huko." Akanipa vidonge. Akaniambia baada ya siku saba kama hakuna nafuu nirudi, na nije na choo cha mtoto ndani ya kikopo.

Homa ilipungua, uchovu ukabaki. Siku saba zikapita, nane, kumi na nne. Sikurudi. Nilijua nikirudi ataniuliza tena lile swali, na mikayi atakuwa nyuma yangu. Nilikaa nyumbani na mtoto anayekwisha kwa sababu sikutaka mwanamke mmoja ajue mtoto wangu anakula ukuta. Mniangalie vizuri. Ni mimi huyu.

Halafu ikaja siku ya ziwani. Tulikuwa tunarudi, mimi na mtungi kichwani, yeye nyuma. Nikasikia hatua zimekatika. Nilipogeuka hakuwa amekaa kama siku zote, alikuwa amelala njiani, anapumua mbio mbio, na moyo wake niliuona unapiga juu ya ngozi ya kifua. Nikautua mtungi, nikambeba mikononi mpaka bomani. Na mnadhani nilikwenda wapi? Sikwenda kwa dresa. Nilikwenda mlangoni kwa mikayi.

Nilisema maneno ambayo sitayarudia hapa mbele ya watoto waliokaa nanyi. Nilimwita mwenye jicho. Nilisema ana watano na bado anataka wangu. Watoto wake walitoka nje wakanyamaza, wale wa kelele. Yeye alitoka na mikono yenye unga, akasikiliza mpaka nikaishiwa.

Kisha akasema, taratibu, "Mtoto anakula ukuta wako."

Nikamwuliza nani amemwambia.

"Wangu waliniambia zamani. Wanacheza kwako ukiwa shambani. Siku ile kwa dresa nilikuwa najua."

"Na kwa nini hukusema?"

"Ningesema mimi, ungesema ni nyiego." Akajifuta mikono kwa kanga. "Nilifikiri utasema mwenyewe. Nilikosea kungoja. Lete mtoto."

Siku hiyo alimbeba yeye. Mimi nilishika miguu yake midogo nikitembea nyuma, na sikusema si mzito.

Tulipofika, dresa alimtazama mtoto mara moja tu na uso wake ukabadilika. Akaniuliza, "Mama, kuna kitu hukuniambia?" Hapo mikayi akamweka mtoto mapajani kwangu, akageuka, akatoka nje. Hakuitwa na mtu. Alitoka akasimama mbali, karibu na ua, ametupa mgongo. Nikaelewa kwamba ananiachia nafasi niseme bila yeye kusikia.

Ningeweza kusema haraka, kwa sauti ndogo, na ikaisha. Dresa alikuwa amekwisha inama anisikie. Lakini nilimtazama yule mwanamke pale nje, mgongo ule umelowa jasho la mtoto wangu, na nikaona haya ambayo sijawahi kuiona. Nikamwita. Nilimwita kwa jina lake, si kwa lile la nyieka. Akarudi mlangoni.

Nikasema mbele yake, "Daktari, mtoto wangu anakula udongo. Miezi sita sasa. Anakula ukuta wa nyumba. Nilikudanganya kwa sababu ya huyu."

Dresa hakunigombeza. Alisema mtoto asiye na damu ya kutosha mara nyingi hutamani udongo, na udongo nao mchafu humwongezea minyoo. Akapima choo. Akakuta minyoo ya safura, ile inayoingia kwa nyayo za mtoto anayetembea pekupeku pale watu wanapojisaidia vichakani, inakaa tumboni inanyonya damu. Kwa hivyo msichana wangu alikuwa ameibiwa mara tatu. Minyoo ilinyonya, malaria ilikula damu, na mimi kwa mkate na chai sikumrudishia chochote.

Alipelekwa Kisumu siku hiyo hiyo kwa Landrova. Walisema lazima aongezwe damu. Mikayi alikunja mkono wa gauni kabla ya kuulizwa. Wakampima, haikulingana. Sasa, akina mama, nimeahidi kusema yangu. Mtoto wangu alikuwa amelala pale anapumua kama ndege, na mimi niliposikia haikulingana, kuna sehemu ya moyo wangu ilifurahi. Nilifurahi kwamba hatakuwa na deni la damu kwa nyumba kubwa. Ilipatikana damu ya mtu nisiyemjua, na mtu huyo namwombea kila siku, na nadhani ninampenda kwa urahisi kwa sababu simjui.

Tulikaa wadini siku kumi na mbili. Alipewa dawa ya minyoo, na ile dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye ladha ya msumari, inayofanya choo kuwa cheusi, wakanionya nisiogope. Nesi mmoja alinikalisha chini akanifundisha chakula kama mtoto wa shule. Omena, akasema. Maharagwe, maini ukipata, mboga za majani. Chai si chakula, inamjaza tumbo tu. Na miguuni avae viatu vya akala, na nyumbani mchimbe choo. Nilimsikiliza akitaja sufuria ya mikayi, chakula kimoja baada ya kingine, na sikuwa na pa kujificha.

Choo tulichimba. Mume wetu alichimba siku mbili za likizo yake, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akicheka upande wangu wa boma, ingawa alikuwa ndani ya shimo.

Kupika omena nilijifunza kwa mikayi. Nilikwenda mlangoni kwake na sufuria tupu nikasema nifundishe. Hakunicheka. Natamani angenicheka, ingekuwa rahisi zaidi.

Sasa nitoe shukrani zangu nikae. Namshukuru yule dresa aliyeuliza swali mara ya pili bila hasira. Namshukuru nesi. Namshukuru mwenye damu. Namshukuru yeye aliyekataa kutajwa, aliyeona kuchoka pale mimi nilipoona adabu. Nanyi akina mama, mtoto wenu akitulia kupita kiasi, msingoje. Mvuteni kope, mtazame kiganja, mkampeleke. Na mkifika mbele ya daktari, semeni yote, hasa lile moja mnalotaka kulimeza, hata kama aliyesimama nyuma yenu ndiye mtu wa mwisho duniani mnayetaka alisikie. Daktari hutibu kile alichoambiwa.

Kama mnangoja niseme wivu umeniisha, haujaisha. Msichana wangu sasa anakimbia, hakamatiki, na jioni anakimbilia nyumba kubwa. Juzi alirudi giza linaingia, miguu imejaa matope, ameshiba. Nikamwuliza ametoka wapi. Akasema, "Kwa Mama." Mimi nimesimama pale, mimi niliyemzaa. Nikamwuliza umekula nini huko, akanihesabia kwa vidole, omena, mboga, maharagwe. Kisha akasema, "Mama amesema nioge nilale."

Iliniuma, ndugu zangu. Iliniuma hapa. Nikachukua karai, nikatia maji, nikamwambia, "Basi njoo uoge, kama Mama alivyosema."